Ubingwa wa urolojia hatua kwa hatua: jinsi ya kupita mafunzo ukatoka unaijua kazi

Naandika hii kwa daktari aliyemaliza intanshipu na anawaza urolojia, yani ubingwa wa njia ya mkojo na viungo vya uzazi vya mwanaume, au ambaye ameshaingia na yupo mwaka wa kwanza haelewi aanzie wapi. Mi nimepita humo na sasa nafundisha wanaokuja nyuma yangu, na kila mwaka naona jambo lilelile, vijana wanahesabu oparesheni walizoshika ila hawahesabu wagonjwa waliowafuata mpaka mwisho, na hizo ni hesabu mbili tofauti kabisa. Anayehesabu wagonjwa ndo anatoka bingwa. Kwaiyo hatua zote hapa chini nimeziandika nikiwa na hilo kichwani.

Hatua ya 1: kakae kliniki kabla hujaomba nafasi

Omba wiki mbili au hata mwezi ukae kliniki ya urolojia, sio thieta, kliniki. Watu wengi wanavutiwa na kamera na leza na roboti, alafu wakifika wanakuta kazi yenyewe asubuhi nzima ni wazee wanaoshindwa kukojoa, mipira ya mkojo ya kubadilisha, damu kwenye mkojo, mawe, kansa ya tezi dume iliyokuja imechelewa, watoto ambao korodani hazijashuka, wanaume wanaotafuta mtoto miaka sita hawapati, wamama wanaovuja mkojo tangu wajifungue. Ukikaa hapo wiki mbili na bado unataka, basi unataka kweli.

Na ukiwa hapo jifunze kuuliza. Hii haifundishwi vizuri popote na ndo nusu ya kazi. Mzee wa miaka 70 hatakwambia kwamba nguvu za kiume zimeisha, atakwambia mgongo unauma. Ukimuuliza unaangalia karatasi anajua umeona aibu na yeye anafunga mdomo. Anza na usiku, mzee unaamka mara ngapi kukojoa, mkojo unatoka kwa nguvu au unadondoka, ukimaliza unahisi umeisha au umebaki, alafu ukishafika hapo, kuuliza mambo ya ndani inakuja yenyewe. Lipo dodoso la IPSS, maswali 7 ya dalili, pointi 0 mpaka 35, kuanzia 0 hadi 7 ni dalili nyepesi, 8 hadi 19 za kati, 20 kwenda juu ni kali, na swali la mwisho kabisa linauliza ukiambiwa uishi hivi maisha yako yote utajisikiaje. Mi naona hilo la mwisho ndo linaloamua matibabu kuliko yote saba, manake kuna mtu ana pointi 22 na hajali, na mwingine ana 10 kashindwa kabisa kusafiri na basi.

Hatua ya 2: elewa njia ya mahali unapotaka kusomea

Hapa hazifanani, na ukikosea unapoteza miaka. Marekani unaingia rezidensi ya urolojia, yani mafunzo ya ubingwa hospitalini, moja kwa moja ukitoka chuo cha udaktari, kwa kawaida miaka 5, sehemu nyingine 6 wakiongeza mwaka wa utafiti. Uingereza unapita miaka miwili ya msingi baada ya chuo, alafu mafunzo ya awali ya upasuaji, alafu ndo unaingia urolojia kama miaka 5, na mtihani wa mwisho ni FRCS ya urolojia. Ujerumani ni miezi 60. India wengi wanasoma kwanza upasuaji wa jumla miaka 3 alafu wanaongeza MCh, yani shahada ya ubingwa, ya urolojia miaka 3. Ulaya kuna bodi ya EBU yenye mtihani wake wa kuandika na wa mdomo, ukifaulu unaitwa FEBU, ila huo peke yake sio leseni ya kufanya kazi nchi yoyote, hilo watu wanachanganya sana. Afrika Mashariki, Kati na Kusini kuna COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa kanda hiyo, ilianzishwa 1999, makao yake Arusha, chenyewe ni chuo kisicho na majengo ya kusomea, unafundishwa hukohuko kwenye hospitali iliyothibitishwa, miaka 2 ya mwanzo ya upasuaji wa msingi ndo unapata MCS (uanachama), alafu miaka mingine 3 ya urolojia kwa ajili ya FCS (ubingwa wenyewe). Pembeni ya hiyo kuna njia ya vyuo vikuu, yani shahada ya umahiri.

Kabla ya kusaini chochote nenda kaongee na marezidenti waliopo, sio mkuu wa idara, na uwaulize mambo ya kawaida kabisa. Nani anashika resektoskopi (kamera yenye waya wa umeme wa kukatia, inapita njia ya mkojo), wewe au bosi tu? Mashine ya eksrei ya thieta inafanya kazi au imefunikwa shuka? Yureteroskopi (kamera nyembamba za kuingia kwenye mrija unaotoka figo kwenda kibofu) zipo ngapi, na moja ikivunjika inachukua muda gani kuja nyingine? Mwaka wa mwisho wanatoka wamefanya TURP ngapi, yani kukata tezi dume iliyokua kwa kupitia njia ya mkojo, kwa mikono yao? Wakikwambia "tunaona nyingi", kuona sio kufanya, uliza tena.

Hatua ya 3: mwaka wa kwanza ni mpira na dharura

Usidharau mpira wa mkojo. Kitu kidogo hiki kimeharibu njia za mkojo za wanaume wengi kuliko tunavyopenda kukiri, na kila anayejenga upya njia ya mkojo iliyoziba ameshakutana na mgonjwa aliyeanzia hapo. Kwaiyo jifunze vizuri. Weka jeli ya ganzi ya kutosha na usubiri dakika kadhaa, usiharakishe. Nyoosha uume, sukuma mpira mpaka kwenye kiungio chake kabisa, na USIJAZE puto mpaka umeona mkojo. Mkojo usipotoka, sukuma maji kidogo uyavute, yakigoma kurudi usijaze. Ukijaza puto likiwa ndani ya njia ya mkojo unaipasua. Baada ya hapo rudisha govi mahali pake, mtu akisahau hilo asubuhi anamkuta mgonjwa govi limekwama nyuma limevimba, yani parafimosisi, na ni wewe umeisababisha.

Jua pia saizi. Zile namba za French zimetoka kwa mtengeneza vifaa wa Paris anaitwa Charrière, namba 3 ni sawa na milimita 1 ya kipenyo, kwaiyo namba 18 ni milimita 6. Mkojo wa kawaida 14 au 16 inatosha, damu yenye mabonge unataka 22 yenye njia tatu na unayatoa mabonge kwa bomba la sindano kubwa kwanza, usifungue maji ya kuoshea wakati kibofu bado kimejaa mabonge, utakipasua.

Aliyepata ajali, nyonga imevunjika na kuna damu mdomoni mwa njia ya mkojo, usipitishe mpira kwa kubahatisha. Kwanza piga picha ya njia ya mkojo kwa dawa ya eksrei.

Dharura ambazo lazima uzijue hata ukiamshwa saa tisa usiku:

Korodani iliyojisokota. Kijana, maumivu ya ghafla, anatapika, korodani moja imepanda juu. Una kama saa 6 tangu maumivu yaanze ndo nafasi ya kuiokoa ni kubwa, baada ya hapo inashuka haraka. Kama dalili zinasema ndiyo, usimpeleke ultrasaundi akapange foleni, mpeleke thieta. Na ukifungua, shona na ya upande wa pili isije nayo ikajisokota. Kingine, kijana akija analalamika tumbo tu, mvue nguo, wengi wanaona aibu kusema ni huku chini.

Figo iliyoziba na ina maambukizi. Homa, baridi kali, jiwe limeziba mrija unaotoka figo kwenda kibofu. Hapa ndo marezidenti wenye hamu ya kufanya wanaua, wanataka kwenda kuvunja jiwe. Usiliguse jiwe. Toa usaha, kwa stenti (mpira mwembamba unaokaa ndani ya mrija wa figo ili mkojo upite) au kwa bomba la kupitia mgongoni, mpe antibayotiki, jiwe utalirudia akishapona.

Uume uliosimama zaidi ya saa 4 bila hamu, hasa mwenye selimundu. Vuta damu, ipime gesi, chapu, usimuache wodini anasubiri raundi ya asubuhi.

Gangrini ya Fournier, kawaida mwenye kisukari, ngozi ya pumbu imekuwa nyeusi na inanuka. Inasambaa kwa saa sio kwa siku. Kata mpaka ufike kwenye nyama inayotoa damu na urudi tena kesho yake kuangalia.

Hatua ya 4: sistoskopi, alafu kukata kwa waya

Max Nitze, daktari wa Ujerumani, alionyesha sistoskopi yake, yani kifaa cha kuangalia ndani ya kibofu, 1879, na mpaka leo hakuna kifaa kinachomtambulisha mtu wa urolojia kuliko hicho. Anza kwa kukitenganisha na kukifunga mwenyewe, muombe sista wa thieta akufundishe, yeye anajua kuliko bosi wako. Jua lensi ya nyuzi 0 na 30 na 70 kila moja ni ya nini, jua daraja la kupitishia waya, jua kwa nini picha imekuwa ya njano (mara nyingi ni waya wa taa umechoka). Alafu jiwekee utaratibu wa kuangalia kibofu na usiubadilishe hata siku moja, mi naanza na matundu mawili ya mirija ya figo, kuta za pembeni, juu kwenye kiputo cha hewa, nyuma, alafu narudi shingoni. Mwenye utaratibu haruki uvimbe.

Damu ya kuonekana kwenye mkojo bila maumivu, chukulia ni kansa mpaka uthibitishe sio. Penye kichocho watu wanazoea kukojoa damu tangu utotoni wanaona ni kawaida, na kichocho hichohicho ndo kinaleta kansa ya kibofu ya aina nyingine, kwaiyo ukisikia "hii damu nimezaliwa nayo" usimpe vidonge akaondoka hivohivo.

Ukianza kukata uvimbe wa kibofu, kipande ulichokata lazima kiwe na msuli wa kibofu ndani yake, bila msuli mtu wa patholojia hawezi kukwambia kansa imefika wapi na mgonjwa itabidi arudi thieta. Na ukiwa kwenye ukuta wa pembeni kumbuka neva ya obturata, mguu unaweza kurusha teke ghafla ukatoboa kibofu, muombe daktari wa ganzi aizuie hiyo neva au alegeze misuli, na kata kwa vipande vifupi.

TURP ni shule ya subira. Ukitumia mkondo wa umeme wa zamani (monopola) na maji ya glaisini, saa inabidi iwe mbele yako, dakika 60 ndo mwisho, kwasababu maji yanaingia kwenye damu na sodiamu inashuka. Ganzi ya mgongoni inasaidia hapa manake mgonjwa yuko macho, akianza kuchanganya maneno, kuhisi kichefuchefu au kusema haoni vizuri, unaacha. Sio "namalizia hiki kipande", unaacha, unazuia damu, unaweka mpira, unapima sodiamu. Wenye mashine ya baipola wanatumia saline na hii shida karibu inaisha, ila maji bado yanaweza kuwa mengi mwilini. Na chini ya ile alama ya verumontanamu usikate, hapo ndo kuna msuli unaozuia mkojo, ukiukata umempa mtu nepi za maisha.

Hatua ya 5: logibuku, na daftari la stenti

Kila oparesheni iandike kwenye logibuku, yani daftari lako la kazi, siku hiyohiyo. Sio wikiendi, siku hiyohiyo, kabla hujavua nguo za thieta. Na andika ukweli wa nafasi yako: nilisaidia, nilifanya bosi akiwa amenawa pembeni yangu, nilifanya bosi akiwa chumbani hajanawa, nilifanya peke yangu, nilimfundisha mwenzangu. Ukigawa TURP moja kuwa nyingi kwa kubadilisha maneno unajidanganya wewe, na ipo siku utakuwa peke yako na mgonjwa anatoka damu na ile namba ya kwenye karatasi haitashika resektoskopi.

Ongeza safu mbili ambazo wengi hawaweki. Ya kwanza, kilichotokea baadaye, kwa kipimo cha madhara ya upasuaji cha Clavien-Dindo cha 2004, daraja I mpaka V, ambapo V ni kifo. Ya pili, baada ya miezi 3 mgonjwa yukoje, anakojoa, amekauka au anavuja, jiwe limeisha, majibu ya patholojia yalisemaje na nani alimwambia. Hizo safu mbili zimenifundisha kuliko lekcha zote.

Nieleze na la stenti kwasababu linaniuma mpaka leo. Nikiwa rezidenti alikuja mama mmoja na maumivu ya ubavuni na mkojo unaonuka, tukapiga eksrei tukaona stenti, imeota mawe juu na chini, imekaa zaidi ya miaka 2. Ilibidi afanyiwe oparesheni tatu kutoa kitu ambacho kingetolewa kwa dakika 5 kliniki. Hakuna aliyemwambia kuwa ana mpira ndani, alijua ametolewa jiwe amepona. Aliyemwekea hakuwa mbaya, alihama kituo tu na faili likabaki. Tangu siku hiyo nina daftari: jina, namba ya faili, simu mbili (ya kwake na ya ndugu), tarehe ya kuweka, tarehe ya kutoa, aliyetoa. Nyingi zinatakiwa zisizidi miezi 3 kabla ya kutolewa au kubadilishwa. Kila Ijumaa unalifungua na unapiga simu. Na mgonjwa haondoki wodini mpaka ameweza kukuambia kwa mdomo wake, "nina mpira ndani na tarehe fulani unatolewa".

Hatua ya 6: mawe

Hapa historia yake ni fupi na imeenda kasi, Fernström na Johansson walitoa jiwe la figo kupitia tundu la ngozi 1976, Chaussy na wenzake Munich wakavunja mawe kwa mawimbi kutoka nje ya mwili 1980, leo rezidenti anaingia na leza mpaka kwenye figo. Ila msingi haujabadilika, pima mkojo uoteshe vijidudu KABLA, tibu kwanza, alafu ndo uingie. Kuingia na maji ya presha kwenye mkojo wenye maambukizi ni kusukuma vijidudu kwenye damu. Waya wa usalama uwepo, usivute kikapu cha kukamatia jiwe kwa nguvu kikikwama, mrija ukigoma kupanuka weka stenti umrudishe baada ya wiki mbili utaukuta umelainika. Hakuna aibu kwenye kurudi.

PCNL, yani kutoa jiwe la figo kupitia tundu la mgongoni, jifunze kwa figo ya nguruwe iliyofungwa kwenye sponji kabla ya mtu, sehemu ngumu ni ile sindano ya kwanza tu. Na vaa aproni ya risasi, kinga ya shingo na kile kibeji cha kupimia mionzi, kila mara. Kanyaga pedali kwa vipigo vifupi, tumia picha ya mwisho iliyobaki kwenye skrini. Una miaka 30 mbele yako ya kusimama karibu na hiyo mashine.

Hatua ya 7: kamera, roboti na tumbo wazi

Kwa laparoskopi, yani upasuaji wa kamera kupitia matundu madogo ya tumbo, nunua au tengeneza boksi la mazoezi, dakika 20 kila siku zinashinda Jumamosi nzima mara moja kwa mwezi. Mtihani wa laparoskopi wa Ulaya unaoitwa E-BLUS una mazoezi manne tu, kuhamisha vigingi, kukata duara, kupitisha sindano kwenye pete na kufunga fundo, chukua hayohayo. Ngozi ya kuku ni nzuri kwa kujifunza kuunganisha kibofu na njia ya mkojo. Roboti ukiipata ifurahie, lakini usikubali kutoka kwenye mafunzo bila kujua kufungua tumbo na kutoa figo, kwasababu siku damu imejaa kwenye kamera na huoni kitu, njia ni moja tu na ni ya kisu.

Hatua ya 8: utafiti na mtihani

Chagua swali dogo linalotoka kwenye daftari lako, sio kubwa la kuiga. Charles Huggins alikuwa mtu wa urolojia, 1941 akaonyesha kuwa kansa ya tezi dume inategemea homoni, 1966 akapewa Nobeli, na matibabu ya leo bado yamesimama kwenye msingi huo.

Kwa mtihani, miongozo ya jumuiya ya urolojia ya Ulaya inatolewa upya kila mwaka, isome sura moja kwa wiki tangu mwaka wa pili, usisubiri wa mwisho. Mtihani wa mdomo unafanyiwa mazoezi kwa mdomo, tafuteni wenzako wawili, mmoja anauliza, mmoja anajibu, mmoja anashika saa. Jibu kwa mpangilio wa kazini: ningefanya nini kwanza, kwa nini, ikishindikana je.

Hatua ya 9: feloshipu na mwaka wa kwanza peke yako

Feloshipu, yani mafunzo ya ziada baada ya ubingwa, iwe ya kitu ambacho huko unakoenda kufanya kazi wagonjwa wapo na vifaa vipo au vinakuja. Mtu anaenda mwaka mzima kujifunza roboti anarudi mahali pasipo na roboti, wakati wamama wenye fistula na vijana walioziba njia ya mkojo wamejaa kliniki na kujenga upya njia ya mkojo kwa ngozi ya ndani ya shavu kunahitaji seti ndogo tu ya vyuma na mkono uliofundishwa vizuri.

Miezi ya kwanza ukiwa bingwa, oparesheni kubwa ziweke siku ambayo kuna mwenzako jengoni. Weka namba ya mwalimu wako karibu na ukikwama piga simu kabla hujakata usichokitambua, sista akushikie simu sikioni, mi nimeshapiga na nimeshapigiwa. Na siku ya kwanza kabisa kwenye kituo kipya, kabla hata hujaonyeshwa ofisi, uliza daftari la stenti liko wapi. Kama halipo, nunua la kurasa nyingi, chora mistari, nenda wodini na thieta ukawatafute wote waliowekewa mwaka uliopita, na uanze kupiga simu.